Umeanguka Mtihani wa Uraia wa Marekani? Anza na Karatasi ya Matokeo

Karibu kila mtu ninayemsaidia baada ya kushindwa mtihani wa uraia wa Marekani huuliza kwanza kama grini kadi yake iko hatarini. Kushindwa mtihani hakumwondolei mtu ukaazi wa kudumu, na mara ya kwanza hata ombi lenyewe, yaani fomu N-400, hubaki hai. Ataitwa tena kati ya siku 60 na 90, apimwe sehemu aliyoshindwa tu.

Sehemu hiyo imeonyeshwa kwenye karatasi ya matokeo, N-652, ambayo wengi huikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma. Matokeo yake, mtu aliyeangushwa na Kiingereza cha kuzungumza hurudi kukariri maswali ya historia, ilhali uwezo wa kuzungumza hupimwa kwa jinsi anavyomjibu afisa anayepitia naye N-400. Akiulizwa kama amewahi kudai kuwa raia wa Marekani, kisha kwa adabu tu akaitikia "ndiyo" bila kuelewa, atakuwa amejitia katika jambo zito kuliko mtihani. Kwa hiyo ninawataka wanafunzi wangu waisome fomu yao swali kwa swali, na wajizoeze kumwomba afisa arudie au aeleze kwa maneno mengine, jambo linaloruhusiwa.

Kuandika ni kwepesi zaidi: afisa husoma hadi sentensi tatu, na moja ikiandikwa ikaeleweka inatosha. Kosa dogo la tahajia halimwangushi mtu, ila kufupisha neno humwangusha.

Aliyeshindwa historia na serikali aangalie tarehe ya ombi lake. Maombi yaliyowasilishwa kuanzia 20 Oktoba 2025 hutumia orodha ya maswali 128, ambapo afisa huuliza hadi 20 tu, na majibu 12 lazima yawe sahihi. Ya kabla ya hapo hutumia maswali 100, na hutakiwa majibu 6 kati ya 10.

Asiyefika siku ya marudio bila kuomba mapema tarehe nyingine, ombi lake hukataliwa, sawa na aliyeshindwa mara ya pili. Hapo mtu ana siku 30 za kuomba asikilizwe upya, kwa kutumia fomu N-336, au anaweza kuwasilisha N-400 mpya na kulipa ada upya. Kama tatizo ni lugha, mimi hupendelea njia ya pili, kwa sababu anayeomba upya hujichagulia muda wa kujiandaa.