Una cheti cha kozi fupi na huna shahada: mwajiri anataka kuona nini?

Miongoni mwa wanaofika kwetu kwa ushauri wa ajira, wanaongezeka watu waliomaliza kambi za mafunzo, zile kozi za kina za miezi mitatu hadi sita zinazofundisha kuandika programu, kuchambua data, kusanifu tovuti au kulinda mifumo ya kompyuta. Wengi wamemaliza akiba yao kwa ada. Wanataka kujua kama cheti hicho kitawapa kazi ambayo tangazo lake linadai shahada. Wapo wanaoipata, tena kazi nzuri. Ila walioipata walitambua mapema mwajiri anatilia shaka nini hasa, wakaifanyia kazi shaka hiyo.

Mwajiri hudai shahada hata kwa kazi isiyoihitaji kwa sababu ni chujio la bei rahisi. Tangazo moja huweza kuleta mamia ya maombi, na ofisa wa rasilimali watu hana muda wa kumchunguza kila mtu. Shahada humwambia kwamba mwombaji alikaa miaka kadhaa akamaliza alichokianza, chini ya chuo kinachokaguliwa. Cheti cha kozi fupi hakimpi uhakika huo. Kozi moja hufundisha kwa umakini na kumrudisha nyuma asiyefikia kiwango. Nyingine humpa cheti kila aliyelipa. Kwa nje vyeti hivyo viwili vinafanana, na barua ya maombi yenye maneno matamu haiwezi kuvitofautisha.

Ni kweli kwamba milango imeanza kufunguliwa. Nchini Marekani, jimbo la Maryland lilitangaza mwaka 2022 kwamba linaondoa sharti la shahada kwa maelfu ya kazi za serikali, na Januari 2023 Pennsylvania ikafanya hivyo kwa takriban asilimia 92 ya nafasi za serikali ya jimbo. Kampuni nyingi binafsi nazo zimetangaza vivyo hivyo. Lakini kutangaza ni jambo moja, kuajiri ni jingine. Mwaka 2024 watafiti wa Burning Glass Institute, taasisi inayochunguza soko la ajira, na Harvard Business School walizichunguza kampuni zilizofuta sharti hilo. Walikuta kwamba mabadiliko hayo yaligusa chini ya ajira 1 kati ya 700 kwa mwaka, na kwamba asilimia 45 ya kampuni hizo hazikubadili chochote cha maana katika namna ya kuajiri. Kwa hiyo usibweteke ukiona tangazo lisilotaja shahada. Wala usilipite tangazo linaloitaja, kama kazi yenyewe unaiweza na limeongeza maneno "au uzoefu unaolingana".

Kama bado hujalipa ada, hapa soma taratibu. Shule hizi hupenda kujitangaza kwa asilimia ya wahitimu walioajiriwa, na asilimia hiyo huficha mengi. Mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alifikia makubaliano na Flatiron School, iliyokuwa imetangaza kwamba asilimia 98.5 ya wahitimu wake walipata ajira. Ndani ya hesabu hiyo walikuwemo wanagenzi, watu wa mikataba ya muda na waliojiajiri. Mwaka 2024 mamlaka ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha iliichukulia hatua BloomTech, ambayo awali iliitwa Lambda School. Ilikuwa ikitangaza kwamba asilimia 71 hadi 86 ya wahitimu hupata kazi, huku takwimu ilizowapa wawekezaji zikikaribia 50, na katika baadhi ya makundi zikishuka hadi 30. Tena ile mikataba ya kulipia ada kwa kukatwa mshahara baadaye, ambayo wanafunzi waliambiwa si mkopo, ilikuwa mkopo.

Basi iulize shule maswali ya wazi. Walioanza kozi walikuwa wangapi, na waliomaliza? Walioajiriwa wana kazi za kudumu au za majuma machache? Wale mliowaajiri wenyewe kuwa wasaidizi wa walimu mmewahesabu? Omba pia kuzungumza na wahitimu uliowatafuta mwenyewe, mbali na wale ambao shule imekuchagulia. Shule inayokwepa maswali haya, iache.

Kwa aliyekwisha kupata cheti, kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuificha kazi aliyoifanya kabla ya kozi. Mtu amekuwa muuguzi kwa miaka, kisha amejifunza kuchambua data, na wasifu wake unaanza na cheti kama vile alizaliwa siku ya mahafali. Anashindania nafasi na maelfu ya wachambuzi wapya wasio na kingine. Mtu huyohuyo akiomba kwenye kampuni inayotengeneza mifumo ya hospitali, ushindani unapungua ghafla, kwa kuwa anajua wodi inavyofanya kazi na fomu gani hujazwa vibaya na kwa nini. Mhasibu aliyejifunza kuandika programu ana thamani kwa watengeneza mifumo ya fedha, na mwalimu kwa wanaotengeneza masomo ya mtandaoni. Nafikiri hata mwajiri unayemfanyia kazi sasa ndiye wa kuanza naye. Anakujua tayari, na kuhamia idara nyingine ndani ya taasisi ileile mara nyingi ni rahisi kuliko kubisha hodi kwa mgeni.

Baada ya hapo onyesha kazi. Miradi ya darasani haitoshi, kwa sababu msaili ameshaiona kwa wahitimu wengine wa kozi hiyohiyo. Tafuta tatizo la watu halisi: chama cha akiba kinachoandika hesabu kwenye daftari, shirika dogo lisilo na tovuti, duka lisilojua bidhaa gani hutoka. Litatue, waache watumie ulichokitengeneza, sikiliza malalamiko yao, kisha rekebisha. Andika kwa ukurasa mmoja tatizo lilikuwa nini, ulichagua njia gani, ulikwama wapi na kilibadilika nini. Mradi mmoja wa namna hii una nguvu kuliko kumi iliyonakiliwa, na wenye chama au duka hilo wanaweza kukushuhudia. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini kwenye kutafuta kazi usiutegemee msemo huo. Watumie kazi yako watu wa fani, omba maoni yao, na uwaombe wakutaje wakisikia nafasi.

Kwenye usaili utatakiwa kueleza ulichokifanya mstari kwa mstari. Siku hizi programu za akili bandia huandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kwa sekunde chache, hivyo wasaili hutaka kujua kama unaelewa kwa nini msimbo huo unafanya kazi na ni wakati gani utakwama. Usiwasilishe usichoweza kukieleza. Wala usijaribu kuandika shahada usiyonayo au kuipa kozi fupi jina la chuo kikuu. Uongo huo hugunduliwa kwa simu moja, na huweza kukufukuzisha hata baada ya miaka.

Kuna mahali ambapo kozi fupi haitaingia hata ujitahidi vipi: udaktari, uanasheria na fani nyingine zinazohitaji leseni. Viza za kazi nazo ziangalie mapema. Viza ya H-1B ya Marekani hudai shahada au kinacholingana nayo. Kwa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu kutoka nje ya Umoja huo, agizo la mwaka 2021 linawaruhusu wataalamu wa teknolojia ya habari kutumia uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita badala ya shahada. Mwenye nia ya kufanya kazi nje na ahifadhi mikataba, hati za malipo na barua za waajiri tangu kazi yake ya kwanza, hata iwe ndogo, maana uzoefu usio na karatasi ofisi ya viza haiuhesabu. Na kama shahada bado iko moyoni, vyuo vingi vina masomo ya jioni au ya mbali, na wapo waajiri wanaochangia ada ya mfanyakazi wao. Uliza kuhusu hilo kabla ya kusaini mkataba wa kazi.