Wahadhiri hawapingi masomo ya masafa

Hapa Mbeya, chama cha wahadhiri kikiomba kukaa mezani na chuo kuhusu masomo ya masafa, yale ya kusoma ukiwa mbali na chuo, utasikia hata kwenye daladala ya Mwanjelwa: "Hao wanaogopa kompyuta." Si kweli, na maneno hayo yananiuma. Chuo Kikuu Huria, kinachofundisha kwa masafa, kilianzishwa mwaka 1992, kina vituo Mbeya na Iringa, na miaka yote hiyo kinafundishwa na wahadhiri.

Kinachojadiliwa ni kazi yenyewe. Somo la saa moja darasani, likirekodiwa, huanza na slaidi kuandikwa upya. Kisha mvua ya Uyole inapiga bati, sauti haisikiki, unarudia kutoka mwanzo. Saa nne usiku mwanafunzi wako wa masafa, mwalimu wa shule huko Makete aliyepata mtandao sasa hivi, anatuma swali. Anastahili jibu. Je, saa hizo zinahesabiwa kwenye mzigo wa kazi? Bando ananunua nani? Video ikishabaki chuoni, itatumika mpaka lini, na nani ataisahihisha ikipitwa na wakati? Mtu mmoja asimamie wanafunzi wangapi?

Hayo ndiyo majadiliano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka pande zote zijadiliane kwa nia njema, na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, ukishaandikwa na kusainiwa unazibana zote mbili. Yule mwalimu wa Makete naye ananufaika: swali lake linapata mtu aliyepangiwa muda wa kulijibu.