Kabla ya kumwaga maji, pima hewa

Mtu akiniomba nimsaidie kupoza jengo bila kiyoyozi, kwa kawaida huanza kunieleza habari za jua. Mimi humuuliza kuhusu mvuke ulio hewani, kwa kuwa huo ndio unaoamua njia ipi itafaa.

Kilo moja ya maji yenye nyuzi 30 ikigeuka mvuke huchukua takribani kilojuli 2,430 za joto. Kuipasha kilo hiyohiyo kwa nyuzi moja kunataka 4.2 tu! Ndiyo maana mtungi wa udongo, unaovujisha maji kidogokidogo, hubaki baridi.

Ila uvukizi una kikomo, na kukipima ni rahisi. Funga kitambaa chenye maji kwenye ncha ya kipimajoto, kisha kipepee. Hewa ikiwa na nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 20, kitashuka hadi karibu 19. Unyevu ukiwa asilimia 80, kitagota kwenye 32, hata ukipepea mpaka mkono uchoke.

Hapo wengi hukimbilia njia ya pili: paa linalotupa joto lake angani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha utando unaorudisha asilimia 97 ya mwanga wa jua, ukawa chini ya halijoto ya hewa kwa karibu nyuzi 5 mchana wa jua kali. Ni kazi ninayoistahi sana. Lakini joto hilo hutoka kama mionzi isiyoonekana, kupitia mwanya wa mawimbi ya mikromita 8 hadi 13 ambayo hewa kavu huyaacha yapite, na mvuke uleule ulioshinda kitambaa chako huuziba mwanya huo pia kwa kiasi.

Tena, paa likipoa kupita kiwango cha umande, mvuke hugeuka maji juu yake na kulirudishia joto lote ulilobeba. Kwa hiyo simwamini anayeahidi paa moja litakalokupa maji mengi ya umande na baridi kamili kwa wakati mmoja. Baridi iliyotengeneza maji imekwisha kutumika.

Kipimajoto kikavu kikizidi chenye kitambaa kwa nyuzi 10 au zaidi, tumia maji bila wasiwasi. Tofauti ikiwa 3 au 4, usinyunyize chumbani, hasa kilichofungwa: utazuia jasho lisikauke mwilini. Weka kivuli nje ya madirisha, fungua pande mbili zinazokabiliana, upepo upite.