Je, Wajua V8 Huingiaje Kwenye Sedani Ndogo?

Mercedes-Benz C 200 ya umbo la W204 ni gari la kila siku Nairobi. Utalikuta kwenye foleni ya Waiyaki Way asubuhi, na mengi yana injini ya silinda nne ya lita 1.8. Gari hilohilo lina ndugu yake, C 63 kutoka AMG, tawi la Mercedes la magari ya kasi: milango ni ileile, paa ni lilelile, lakini chini ya boneti kuna V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 457. Ujazo umeongezeka zaidi ya mara tatu na boneti bado inafunga. Inawezekanaje?

Tuanze na kipimo chenyewe. Sisi wanunuzi tumezoea kupima injini kwa lita, ila lita hazisemi injini inakalia nafasi gani. Anayechora gari huangalia urefu, upana na kimo. Silinda sita zikipangwa mstari mmoja hutoa injini ndefu inayotaka boneti ndefu. Silinda nane zikigawanywa safu mbili zilizoachana kwa umbo la V, urefu wake huwa wa silinda nne na kidogo tu juu yake. Kwa hiyo V8 inaweza kuwa fupi kuliko injini ya silinda sita za mstari, na wakati mwingine hata nyepesi. BMW M3 ilipoacha silinda sita za lita 3.2 na kupewa V8 ya lita 4.0 mwaka 2007, injini mpya ilikuwa na kilo 202, pungufu ya ile ya zamani kwa kilo 15 hivi. Aluminiamu ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwani bloku ya zamani ilikuwa ya chuma.

Audi walibanwa zaidi. Injini zao hukaa mbele kabisa, karibu yote ikiwa imepita ekseli ya mbele, na hapo kila milimita ina thamani. Walipotaka kuingiza V8 ya lita 4.2 kwenye S4 ya 2003, waliondoa mkanda wa taiming (unaoratibu vali na pistoni) uliokuwa mbele ya injini, wakaweka cheni upande wa nyuma, kwenye flaiwili, gurudumu zito linaloungana na giaboksi. Injini ikafupika kwa karibu sentimita tano, nayo ikaingia. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, ila bili yake humfikia fundi. Cheni ile ikianza kugonga, haifikiwi kwa kufungua kifuniko cha mbele, maana imeelekea ukuta wa kabini. Injini sharti ishushwe. Anayenunua gari la aina hiyo lililotumika ailipe gereji ya kuaminika isikilize sauti ya injini ikiwa baridi kabla hajatoa pesa.

Jibu la pili ni kwamba nafasi ile haikupatikana kwa bahati. Chumba cha injini huchorwa kwa kufuata injini kubwa zaidi ambayo kampuni inapanga kuitumia, na injini ndogo ndizo huelea humo ndani. Chukua Mark X, gari linalopendwa sana na vijana wa Nairobi. Msingi wake unahusiana na ule wa Toyota Crown na Lexus IS za wakati wake. Lexus IS F ya 2007 iliingizwa V8 ya lita 5.0 kwenye familia hiyohiyo ya magari. Ndiyo maana ukifungua boneti ya Mark X ya lita 2.5 mkono unapita vizuri, na ndiyo maana Toyota hawakuhangaika kuiwekea V6 ya lita 3.5.

Mafundi wanaobadilisha injini wanaijua kanuni hii hata bila kuisoma popote. Wanaotaka nguvu kwenye Toyota Altezza huiota 2JZ, injini ndefu ya silinda sita za mstari, lita 3.0. Kuna Altezza zilizokuja na silinda nne, lakini Lexus IS 300, ambayo ni gari lilelile kwa jina lingine, ilitoka kiwandani na 2JZ. Mahali pa maunti, vishikio vya injini, palishafikiriwa. Jaribu kufanya hivyo kwenye Premio: injini yake imelazwa kukingama, giaboksi iko ubavuni mwake, na vyote viwili vinabanwa kati ya magurudumu mawili ya mbele. Hapo hata silinda sita ni taabu. Volkswagen walilitatua tatizo la aina hiyo mwaka 1991 kwa VR6, ambayo safu zake mbili zimeachana kwa nyuzi 15 tu hivi kwamba silindahedi moja, kifuniko cha juu ya silinda, inazifunika zote. (Ukibadilisha injini Kenya, kumbuka namba yake iko kwenye logbuku, hivyo mabadiliko hayo lazima yasajiliwe.)

Basi V8 ikishaingia kwa urefu, shida huhamia ubavuni. Safu mbili zina maana ya mabomba mawili ya eksozi, moja kila upande, na upande mmoja ndipo mhimili wa usukani unapopita. Hili linatuhusu sisi wa usukani wa kulia kuliko Wajerumani wenyewe. Mercedes-Benz 500 E iliyoonyeshwa 1990, V8 ya lita 5.0 ndani ya bodi ya W124, haikuwahi kutengenezwa kwa usukani wa kulia. Injini iliujaza upande ule wote. Gari lile lilipanuliwa mabawa yanayofunika magurudumu hadi likashindwa kupita kwenye laini ya kawaida ya kiwanda cha Mercedes, kazi kubwa ya kuliunganisha ikapelekwa kwa Porsche.

Kisha kuna joto, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Chuma unaweza kukisukuma kikaingia. Joto halisukumiki, linataka njia ya kutokea. Rejeta kubwa, kipoza mafuta ya injini, kipoza mafuta ya giaboksi, vyote vinagombania uso mdogo wa gari dogo. Ukiongeza turbo mbili (feni zinazozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa ndani ya injini) kwenye V8, zikikaa nje ya V zinaongeza upana ambao haupo. BMW walianza 2008 kuziweka katikati ya V, eksozi zikitolea ndani badala ya nje, na AMG wakafuata kwa V8 yao ya lita 4.0. Upana ukapungua, lakini sehemu yenye moto mkali kuliko zote ikawa imezungukwa na injini. Kwenye msongamano wa Mombasa Road mchana, gari likiwa halipati upepo, mabomba ya mpira, nyaya na plastiki za pale juu ndizo huumia. Maji ya rejeta na feni zake kwenye magari haya si vitu vya kuahirisha.

Nairobi ina hoja yake nyingine: mwinuko. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Zile farasi 457 za C 63 hushuka hadi karibu 380, na hurudi gari likiteremka Mombasa. Turbo huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya pengo hilo, hadi ifikie kikomo chake. Subaru WRX STI ya lita 2.0, yenye turbo, haipotezi hapa kiasi kile V8 ya zamani inachopoteza, nayo injini yake iliyolala chali ni fupi na inakaa chini, ingawa kufikia plagi kunahitaji mikono myembamba.

Na serikali nayo inapima kwa ujazo. Ushuru wa bidhaa kwa gari la petroli linalozidi cc 3,000 (lita 3.0) ni asilimia 35, wakati Mark X ya lita 2.5 hutozwa asilimia 25. Hiyo ni sababu mojawapo ya ile ya lita 3.5 kuwa adimu barabarani.

Mercedes wenyewe wameshaiacha V8 kwenye C 63. Ile iliyotangazwa 2022 ina silinda nne za lita 2.0, turbo, na mota ya umeme kwenye ekseli ya nyuma, jumla nguvu za farasi 680. Uzito umepita tani mbili. Mbele sasa kuna nafasi ya kutosha, na ugomvi umehamia nyuma, ambako mota na betri vimekula sehemu ya buti.