Majaribio ya yuniti yakigoma GitHub Actions: dhana potofu na ukweli

GitHub Actions ni huduma ya GitHub inayoendesha majaribio ya yuniti (vipimo vya vipande vidogo vya msimbo) kwenye mashine za wingu. Mifano ya hapa ni ya Python na pytest, programu ya kuendesha majaribio hayo, kwenye mashine za Linux. Kabla hujagusa msimbo wako, jua kwanza unashughulika na nini: majaribio yaliyokimbia yakafeli, au majaribio ambayo hayakukimbia kabisa.

Dhana: Alama nyekundu maana yake kuna jaribio limefeli.

Fungua logi (kumbukumbu ya kilichotokea) uone ni hatua gani iliyoanguka. Mara nyingi ni `pip install` (kusakinisha maktaba), na pytest haikufikiwa hata kidogo. Kama ni pytest, soma namba ya kutoka (exit code) iliyoacha ilipomaliza. 1 ndiyo inayosema jaribio lilikimbia likafeli. 2 kwa kawaida ni faili lililoshindwa kusomwa wakati majaribio yanakusanywa, pengine kwa sababu ya moduli isiyopatikana. 4 ni amri au njia ya folda iliyokosewa. 5 ni kwamba hakuna jaribio hata moja lililoonekana, na hapo usihangaike na mantiki ya programu, angalia majina. Pytest hutafuta mafaili yanayoanza na `test_` au yanayoishia na `_test.py`, faili liitwalo `majaribio_malipo.py` linarukwa kimyakimya. Ukikuta 137, mchakato umeuawa kwa nguvu (128 + 9), na mshukiwa wa kwanza ni kumbukumbu kujaa.

Dhana: Alama ya kijani maana yake yote yamepita.

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, maana hakuna anayefungua logi ya kijani. Chukua mstari huu:

`pytest | tee ripoti.txt`

Usipotaja shell (programu inayoendesha amri), GitHub Actions huendesha hatua kwa `bash -e` bila `pipefail`, mpangilio unaoufanya mstari wote uhesabiwe umefeli amri yoyote ndani yake ikifeli. Kinachohesabiwa ni matokeo ya `tee`, amri ya mwisho inayohifadhi tu maandishi kwenye faili, na `tee` imefanya kazi yake vizuri, hata kama majaribio kumi yamefeli. Ongeza `shell: bash` kwenye hatua hiyo, ukiitaja waziwazi hivyo, `pipefail` inawashwa. Tafuta pia `|| true` na `continue-on-error: true`, zinazoficha kufeli, ambazo mtu huweka "kwa muda" zikakaa mwaka mzima. Halafu soma mstari wenye neno `collected`, unaotaja idadi ya majaribio yaliyopatikana: kama wiki iliyopita ulitaja 214 na leo unataja 160, kuna folda imepotea.

Dhana: Kwangu inakimbia, basi wingu ndilo bovu.

Wingu linafichua tu kile ambacho kompyuta yako inakufichia. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Windows na Mac, kwa mpangilio wa kawaida, hazijali. `open("data/Wateja.csv")` inafunguka kwako hata kama faili ni `wateja.csv`, kule inagoma. Ukibadilisha jina kwa kugeuza herufi tu, tumia `git mv`, la sivyo Git huenda isitambue badiliko lenyewe.

Ukipata `ModuleNotFoundError` kwa moduli yako mwenyewe, jaribu `python -m pytest` badala ya `pytest` tupu: ya kwanza huongeza folda uliyomo kwenye njia ya kutafutia moduli. Na ukiandika `python-version: 3.10` bila alama za kunukuu, YAML (lugha ya mafaili ya mipangilio ya GitHub Actions) inaisoma kama desimali, ikabaki 3.1. Andika `"3.10"`.

Saa nayo. Mashine hizo za wingu hufuata UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kwetu, `date.today()` kule bado inarudisha jana. Tumia `ZoneInfo("Africa/Nairobi")` ndani ya msimbo. Jaribio nalo lipewe tarehe maalumu, lisitegemee ya leo.

Dhana: Kazi isipoanza, pusha komiti tupu (isiyo na badiliko lolote).

Kwa tukio la `pull_request` (ombi la kuunganisha tawi lako na jingine), kinachojaribiwa ni tawi lako likiwa limeunganishwa na tawi lengwa, si tawi lako peke yake. Kukiwa na mgongano kati ya matawi hayo, kazi haianzi kabisa, na komiti tupu haiondoi mgongano. Leta `main` kwenye tawi lako, tatua mgongano, kisha pusha. Kama hakuna mgongano, kagua kichujio cha `paths` (mafaili ambayo yakibadilika ndipo kazi huanza), na uone kama ujumbe wa komiti una `[skip ci]`, inayozuia kazi kuanza.

Dhana: Siri (nywila na funguo) nimeshaziweka GitHub, kwa hiyo zitafika.

Ombi likitoka kwenye nakala ya repo iliyo kwa mtu mwingine, siri zako huja zikiwa tupu. Ni ulinzi wa makusudi. Usikimbilie `pull_request_target`, tukio linalopewa siri, ili kuupita, maana ukiendesha msimbo wa mgeni humo umemkabidhi funguo. Tena jaribio la yuniti linalodai funguo halisi lina kasoro tayari. Lipe funguo bandia.

Dhana: Kuendesha upya kutachukua marekebisho yangu.

Kitufe cha kurudia hutumia komiti ileile ya mwanzo. Kinafaa kwa hitilafu ya mtandao, au ukitaka kuwasha logi ya kina. Ukishahariri faili la `.github/workflows`, pusha komiti mpya.