Picha iliyopachikwa ndani ya barua pepe ni nini?

Barua pepe ya pambo, ile inayokuja na rangi nyuma ya maandishi, maua pembeni na picha ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe juu ya salamu za Idi, ni ukurasa mdogo wa HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti. HTML yenyewe haibebi picha. Ni maandishi matupu, na pale picha inapotakiwa pana anwani tu ya kuitafuta. Picha iliyopachikwa ni ile iliyosafiri pamoja na barua, na anwani yake inaelekeza humo humo ndani.

Tuseme mtu wa Wete ametengeneza mwaliko wa harusi kwenye kompyuta yake. Kwake umependeza. Kwa jamaa zake Muscat unafika na kisanduku kitupu. Ukiichungulia HTML utakuta anwani inaanza na file:///C:/, yaani folda iliyomo ndani ya kompyuta ya Wete. Aliyeko Muscat ataifikiaje? Ubaya ni kwamba mtumaji haoni kasoro, kwani kompyuta yake inalipata faili kila mara. Ajitumie kwanza, aifungue barua kwenye simu.

Kinachowezesha kupachika ni MIME, kanuni zilizotolewa mwaka 1992, zinazoruhusu barua moja kuwa na sehemu kadhaa: HTML sehemu yake, kila picha sehemu yake. Picha hupewa kitambulisho, na HTML huitaja hivi: src="cid:mlango1@kadi". Programu ya barua pepe ikiona cid: haiendi mtandaoni, inatafuta ndani ya barua. Ni kama kanga: pindo, mji na jina vimo kwenye kitambaa kimoja, aliyepewa haendi dukani kutafuta pindo.

Kwa kawaida huandiki cid: kwa mkono. Outlook Express, programu ya barua pepe iliyokuja na Windows hadi zama za XP, ilikuwa na karatasi za mapambo tayari na chaguo la kutuma picha pamoja na ujumbe. Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, nayo, unapoingiza picha, ina kisanduku cha kuiambatisha na ujumbe. Ukiondoa tiki, inaondoka anwani peke yake.

Njia nyingine ni kuiweka picha kwenye seva, yaani kompyuta iliyoko mtandaoni. Barua inakuwa nyepesi, lakini programu nyingi huzizuia picha za namna hiyo mpaka msomaji aruhusu, kwa sababu zinaweza kumjulisha mtumaji kwamba barua imefunguliwa. Kwa mwaliko wa familia, mimi ningepachika.

Gharama yake ni uzito. Picha hugeuzwa kuwa herufi ili ipite kwenye barua, na hapo huongezeka kwa takriban theluthi: ya MB 3 inakuwa kama MB 4. Picha ya simu ipunguze hadi upana wa pikseli 600 hivi, umhurumie anayeifungua kwa bando.

Picha ya nyuma ya maandishi ina matatizo yake. Tangu toleo la 2007, Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani (ile iitwayo "classic") imekuwa ikionyesha HTML kwa mtambo wa Word, programu ya kuandikia hati, na mara nyingi picha hiyo haitokei. Ukiwa umeandika kwa herufi nyeupe juu ya picha ya bahari ya usiku, msomaji anabaki na nyeupe juu ya nyeupe. Kwa hiyo weka pia rangi ya kawaida nyuma. Na kwamba nikaha ni baada ya alasiri, msikiti fulani, liandike kwa maandishi, usilichore ndani ya picha.