Nike si mungu wa mbio

Juzi kwenye meza ya mitumba kijana mmoja aliinua raba akauliza, "Kaka, hizi Nike shilingi ngapi?" Alisoma kama ilivyoandikwa: ni-ke. Muuzaji akacheka. "Sema Naiki, dogo. Huyo ni mungu wa mbio wa Wagiriki." Mimi nilikuwa nachambua mashati, nikanyamaza. Lakini si mara ya kwanza kuyasikia hayo, na leo nimechoka kunyamaza.

Nike ni mungu wa kike wa ushindi katika hekaya za Wagiriki wa kale. Basi. Mbio amebandikwa tu, na wanaomwita mungu wa vita wanasahau kwamba vita vina wenyewe, Ares na Athena. Yeye hupiga mabawa akashuka kumvika mshindi taji. Hesiodo, mshairi wa kale wa Kigiriki, anamtaja kuwa binti wa Pallas na Styx, na nduguze ni Zelos, Kratos na Bia, yaani ushindani, nguvu na mabavu. Kushindana ni kazi ya kaka yake.

Na jina? Nike ni neno la kawaida la Kigiriki, "ushindi", na aliyekulia na Biblia amelitamka tangu utotoni. Nikodemo, yule aliyemwendea Yesu usiku, ni nike na demos, watu. Nikolao ni yale yale, ila watu hapo ni laos. Eunike, mama yake Timotheo, ni ushindi mwema. Bernike ni mleta ushindi. Hata Thesalonike ni jina la binti wa Filipo, mfalme wa Makedonia, aliyeitwa hivyo kwa ushindi wa baba yake kule Thesalia. Mumewe Kasandro ndiye aliyeupa mji jina hilo. Na sijapata kumsikia padri akisoma waraka kwa Wathesalonaiki.

"Naiki" ni matamshi ya Wamarekani. Kampuni yao ilianza mwaka 1964 ikiitwa Blue Ribbon Sports, ikaanza kutumia jina la Nike mwaka 1971. Jina la biashara ni lao, walitamke wapendavyo.

Tukitaka kumhusisha na viatu, tunaweza. Kwenye ukuta uliozunguka hekalu dogo la Athena Nike, yaani Athena wa ushindi, huko Akropoli, ngome ya kilimani ya Athens, Nike alichongwa katika karne ya 5 kabla ya Kristo akiwa ameinama, mguu mmoja juu, vazi limemlalia mwilini kama limelowa, mkono uko kwenye kubadhi lake. Jiwe hilo bado lipo, ingawa kichwa kimevunjika. Ameacha kila kitu anahangaika na kiatu, na wala hakimbii.

Kwa hiyo, kaka muuzaji, bei yako haikuwa mbaya na raba zilikuwa safi. Ila dogo aliyezisoma herufi kwa herufi alikuwa karibu na Wagiriki wa kale kuliko wewe.